Ngoja Nisevu Kwanza

Wajapani waliotunga mchezo wa Final Fantasy VII waliutunga kwa ajili ya mtu mmoja mwenye chumba chake, televisheni yake na usiku wake. Hawakuwa na habari za nyumba yetu hapa Mhunze, ambako soketi inayoaminika sebuleni ni moja, na wenye haki ya kukaa mbele ya televisheni ni baba mkwe wangu, shangazi wa mume wangu, watoto wetu pacha Kulwa na Doto, mume mwenyewe, mimi, na jirani yeyote aliyeona taa inawaka.

Nianze na mchezo wenyewe, maana ndio uliotufikisha kwenye kikao cha ukoo. Ulitoka Japani tarehe 31 Januari 1997, kazi ya kampuni iitwayo Square, kwa ajili ya PlayStation ya kwanza, ile ya kijivu. Ni mrefu hata ukashindwa kuenea kwenye diski moja. Umegawanywa kwenye diski tatu. Hapa hakuna mpira wala mbio za magari. Unaingia ndani ya hadithi, unatembea mji hadi mji, unaongea na watu, unapigana kwa zamu kama wacheza bao, na unaweza kumaliza saa 40 bila kuona mwisho. Mume wangu, Baba Kulwa, aliucheza ujanani Mwanza, kwenye geto la rafiki yake, wakafika diski ya pili, rafiki akahama na mashine yake. Tangu tuoane nimesikia habari za mji wa Midgar kuliko nilivyosikia habari za mahari yangu.

Mashine ilitufikia kutoka Geita, ndani ya furushi la dagaa. Shangazi alipokuja kututembelea alileta salamu za mwanawe, mwenye kibanda cha gemu ambako vijana wanaotoka kwenye maduara ya dhahabu hulipia mechi za mpira jioni. Kibanda kimepata mashine mpya, ya zamani ikakosa kazi, na pamoja nayo zikaja diski tatu ambazo hakuna mteja aliyewahi kuziomba. Mume wangu alipozigeuza na kuona mgongo mweusi, alama ya diski halisi za mashine ile, alikaa chini. Shangazi akadhani ameishiwa nguvu kwa njaa, akaniambia nibandike ugali.

Tatizo la kwanza likawa televisheni. Hii ya kisasa iliyo ukutani haina yale matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu. Mume wangu akakumbuka TV ya chogo iliyoko stoo. Mimi nikakumbuka kwamba nyuma ya TV ya chogo kuna tetea wangu anaatamia. Tukatofautiana. Nilikwenda kisimani nikiwa na tetea. Niliporudi nilikuwa na kuku mwenye hasira amekaa juu ya gunia la choroko, mayai yamehamishiwa kwenye beseni la kufulia, na sebuleni kuna mji mweusi unaofuka moshi wa kijani.

Ndiyo Midgar hiyo. Kampuni moja iitwayo Shinra imejenga mitambo ya kufyonza nguvu inayoitwa mako kutoka tumboni mwa dunia, mji unawaka taa usiku kucha, na ardhi inayouzunguka inakufa. Mtu mmoja mkubwa, Barret, mwenye bunduki mahali pa mkono wa kulia, anaongoza kikundi cha kulipua mitambo hiyo, na amemkodi kijana mwenye upanga, Cloud, ambaye anachouliza yeye ni malipo tu. Baba mkwe alikuwa anasubiri taarifa ya habari ya saa mbili. Akaangalia kidogo, akauliza, "Hiyo kampuni ina leseni?"

Hapo ndipo mchezo ulipomponyoka mume wangu mikononi.

Lazima mjue baba mkwe ni nani. Ujana wake aliutumikia Mwadui, kwenye mgodi wa almasi uliomo humu humu wilayani Kishapu, ule ulioanza na Mkanada John Williamson alipogundua almasi mwaka 1940. Ukimwachia nafasi atakusimulia lile jiwe la waridi la mwaka 1947, karati 54.5 kabla halijakatwa, ambalo Williamson alimzawadia Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Na atakuambia kwamba baadaye lilitiwa kwenye bruchi ya kifuani, na kwamba hakuna mtu wa Maganzo, pale jirani na mgodi, aliyealikwa kwenye harusi ile. Kwa mzee kama huyo hadithi ya kampuni na ardhi haihesabiwi mchezo. Ni shauri, na shauri husikilizwa hadi mwisho. Taarifa ya habari ikasubiri.

Maneno ya mchezo yote ni Kiingereza, na yanaandikwa kwenye kioo bila mtu kuyatamka. Mume wangu ni mwalimu, basi akawa anasoma kwa Kiswahili, na penye mambo mazito anarudia kwa Kisukuma ili mzee asikose kitu. Usiku wa kwanza alifanya hivyo kwa heshima. Baada ya hapo ikawa ajira. Akinyamaza kidogo ili acheze, shangazi anamgonga bega: "Amesemaje huyo mwenye nywele ndefu?" Majirani wakaanza kuja na vigoda vyao.

Sasa niwaambie uchungu wa mke. Mchezo huu hauzimwi ovyo. Ukiwa safarini kwenye ramani kubwa unaweza kuhifadhi ulipofika, lakini ukiingia pangoni au kwenye jengo la adui, sharti utafute sehemu maalumu. Ukizima kabla, jasho lako lote limepotea. Kwa hiyo nikisema kuku hawajafungiwa, jibu ni "Ngoja nisevu kwanza." Maji hayajachotwa? "Ngoja nisevu kwanza." Mgeni yuko mlangoni? Vivyo hivyo. Nikavumilia hadi jioni moja mume wangu aliposhika tumbo na kuulizia chakula. Nilikuwa nimekaa uani nasuka ukili. Nikamwambia, "Baba Kulwa, nipo pangoni. Ngoja nifike pa kusevu." Ugali ulipikwa saa nne usiku, na tangu siku hiyo kuku wanafungiwa mapema.

Mashine nayo ina uzee wake. Baada ya muda ilianza kukwama. Picha zinaganda, sauti inakwaruza. Fundi wa sokoni aliifungua, akapuliza, akatoa magamba ya dagaa, akasema lenzi imechoka na reli inayoibeba imelegea kwa joto, kisha akatoa dawa inayojulikana na wacheza gemu wa dunia nzima: igeuzwe juu chini. Ikakubali. Shangazi alipoikuta imelala kichwa chini na taa inawaka, alikataa kukaa nayo chumba kimoja hadi mume wangu alipomhakikishia kwamba hakuna mganga aliyehusika.

Tukafika Corel. Nilidhani tunapita tu, kumbe ndipo penye kiini. Corel ni kijiji cha wachimbaji wa makaa ya mawe, na ndiko nyumbani kwa Barret. Zamani Shinra walikuja kuomba kujenga mtambo. Rafiki yake Dyne alikataa: makaa yamewalea wazee wetu, hatuyaachi. Barret alisema tukubali, makaa hayanunuliwi tena, watoto wetu watakula nini? Mtambo ukajengwa. Ukalipuka. Kampuni ikawatupia lawama wanakijiji na kukichoma moto kijiji chote. Mke wa Barret akafia humo. Barret na Dyne walipigwa risasi wakiwa wameshikana mikono ukingoni mwa genge, mmoja akapoteza mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, na Barret akamlea binti wa mwenzake kama wake. Waliosalia wanaishi kwenye mahema ya matambara, na Barret anaporudi wanampiga na kumtukana. Juu ya vichwa vyao imejengwa sehemu ya starehe inayong'aa dhahabu tupu, na unaifikia kwa gari la kamba linaloanzia hapo hapo kwenye umaskini wao.

Mume wangu alitafsiri yote hayo polepole. Mzee akauliza, "Tathmini ilifanyika?"

"Hapana, baba."

"Fidia?"

"Hawakulipwa."

"Wakachomewa nyumba bila fidia, na starehe ikajengwa juu yao." Akanyamaza. Jirani mmoja aliyewahi kuosha marudio ya dhahabu huko Geita akasema kosa ni la Barret, aliyeisemea kampuni kwenye mkutano. Mwingine akasema Barret alitaka kazi, na kutaka kazi si kosa. Wa tatu akasema makaa kweli yalikuwa yamekwisha bei. Mabishano yakatoka sebuleni yakaingia uani, yakatoka uani yakafika kilabuni kesho yake, na mtu asiyewahi kuuona mchezo akanisimamisha njiani kuniuliza kama ni kweli kuna kijiji kimechomwa na mwekezaji. Nimeishi ukanda huu wa almasi na dhahabu maisha yangu yote. Sikumbuki mkutano wa hadhara uliochambua uchimbaji kwa utulivu kama ule wa TV ya chogo.

Mwisho wa diski ya kwanza tulipata msiba. Kuna binti anaitwa Aeris, muuza maua, ambaye shangazi alishamchagua awe mke wa Cloud. Anauawa kwa upanga akiwa amepiga magoti anasali. Kila aliyecheza mchezo huu anakumbuka alikuwa wapi usiku huo, na shangazi naye atakumbuka, maana alitupa khanga kichwani na kulia kilio cha kweli, jirani wa pili akaja mbio na ndala za watu wengine. Cloud akambeba marehemu akamlaza ziwani. Shangazi akanyamaza ghafla.

"Wamemzika hivyo hivyo? Ndugu hawajafika?"

"Shangazi, huyu..."

"Nani amempigia mama yake?"

Mume wangu hakuwa na jibu. Mashine ikaandika kwamba iwekwe diski ya pili. Diski ya pili haikuwepo.

Tulitafuta kila mahali: kwenye makasha, chini ya vitanda, kwenye furushi lililobaki na harufu ya dagaa. Doto ndiye aliyepasua jipu. Msimu ule mtama ulikuwa umeanza kukomaa, na kwa mtama wa Kishapu adui mkubwa ni kwelea kwelea. Kundi lao likitua asubuhi, jioni unavuna mabua. Dawa ya wenye mashamba madogo ni kutundika vitu vinavyomeremeta. Mzee alikuwa ameomba diski zisizo na kazi, shangazi akamkusanyia zote zenye tundu katikati alizozikuta juu ya kabati, na mojawapo ilikuwa nyeusi.

Tukaenda shambani. Ilikuwa inaning'inia kwenye kamba ya katani kati ya diski nyeupe, inazunguka taratibu, na kwelea watatu wamekaa kwenye suke lililo chini yake. Mzee mwenyewe alikiri kwamba ile haina mng'ao, haitishi ndege. Lakini alikataa kuitoa bure, kwa sababu pengo kwenye kamba ni mlango wa kwelea. Mume wangu hawezi kubishana na baba yake mbele ya mtama. Wakaafikiana: atoe diski nyeupe, achukue nyeusi. Akatoa. Ile nyeusi tukaiosha kwa maji na sabuni, tukaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, ikasoma bila kukwama. Wiki iliyofuata ndipo nilipotafuta diski ya harusi yetu nimwonyeshe shangazi. Sasa mjue ni nani anayelinda mtama.

Mapacha nao walikuwa na lao. Katika mchezo huu kuna ndege wakubwa wa manjano wanaopandwa kama farasi, chocobo kwa jina lao. Ukiwalisha majani mazuri wanapata nguvu, ukiwapa karanga za aina fulani wanazaliana, na ukichanganya vizuri kizazi kwa kizazi unapata chocobo wa dhahabu anayeweza kuvuka mlima na bahari. Mume wangu aliwasimulia watoto habari hizo wakati wa kula, mbele yangu, na sikuona hatari. Watoto waliokulia ukanda wa dhahabu ukiwaambia kuna kuku wa dhahabu wanakuelewa kwa namna yao. Bustani yangu ya mchicha ilimalizika kimya kimya. Karanga nilizotenga za mbegu zikafuata. Jogoo alinenepa hadi akashindwa kuruka uzio, tetea aliyekuwa akiatamia aliacha mayai kwa shibe, na Kulwa alinieleza kwa utulivu kwamba kizazi cha kwanza huwa hakitoi dhahabu, nivumilie.

Usiku mkubwa ulikuwa wa treni. Diski ya pili inakurudisha Corel: Shinra wamepakia jiwe kubwa la nguvu kwenye treni, wachezaji wanaifukuza na kuiteka, lakini haisimami, na mbele ya reli ndipo kilipo kile kijiji cha mahema. Una dakika chache za kubonyeza vitufe hadi breki zishike. Ukishindwa, treni inakiparamia kijiji, na mchezo unaendelea bila huruma. Sebule ilijaa. Mzee alikuwa amesimama. "Walichomwa mara moja," alisema. "Hawagongwi mara ya pili."

Wakati huo taa nyekundu ya mita ikaanza kuwaka. Uniti zilikuwa zinaishia, na nilikuwa nimesema tangu asubuhi. Midgar inafyonza tumbo la dunia ili taa zisizimike. Sisi tulikuwa na salio la simu. Jirani akanunua haraka, ujumbe ukaingia, tarakimu 20. Kulwa akasimama mlangoni anasoma, mimi niko kwenye mita nabonyeza, ndani mzee anaamuru "Breki! Breki!" na mtoto anachanganya namba na amri. Mita ikakataa. Tukaanza upya. Ndani vidole vya mume wangu vinagonga pedi, ambayo kitufe chake kimoja kilikuwa kimegandishwa na uji wa Doto. Nilibonyeza tarakimu ya mwisho, mita ikakubali, na kabla sijatoa kidole nikasikia vigelegele vya shangazi. Treni imesimama kijiji kinaonekana. Watu wa Corel wakatoka kwenye mahema kushukuru, mtoto mmoja akawapa jiwe la nguvu alilolipata, na Barret, waliyempiga, wakampokea. Mzee alikaa, akajifuta uso, akasema, "Ng'wanawane, sasa usevu."

Akasevu. Nilishuhudia mwenyewe.

Kadi ya kumbukumbu ya PlayStation ile ni kama nyumba ya kupanga yenye vyumba 15, na mume wangu kila alipohifadhi alichukua chumba kipya, hakuna kilichobaki wazi. Shule zilipofungwa mwezi wa sita, mtoto wa shangazi akaja kutoka Geita kumchukua mama yake, akiwa na diski ya mpira mfukoni. Ligi yake ilihitaji vyumba kadhaa. Mashine ikamwambia kadi imejaa, akafukuza wapangaji wote ambao hawakuwa wachezaji wa mpira. Asubuhi Corel haikuwepo, treni haikuwepo, hata msiba wa Aeris haukuwahi kutokea.

Nyumba ilinyamaza kiasi kwamba nilisikia jogoo akihema. Mume wangu hakusema neno. Alikwenda shambani kufukuza kwelea kwa mikono. Jioni mzee akaitisha kikao. Mtuhumiwa alijitetea kwamba ni gemu tu. Jirani aliyewahi kumlaumu Barret akasimama na kusema ndivyo Shinra wanavyosemaga. Hukumu ikatoka kwa ufupi: faini ni jogoo, na jogoo aliyeshiba mchicha wa watu yupo tayari, anunuliwe kwa bei ya mama mwenye mchicha. Kisha mkosaji haondoki Mhunze hadi awe amekifikisha kijiji kile mahali kilipokuwa.

Alianza kwa kununa. Baada ya siku chache nilimwita ale, akanijibu bila kugeuka, "Shemeji, ngoja nisevu kwanza." Mama yake alikuwa pembeni, khanga tayari begani, anamwonya binti muuza maua asiende kusali peke yake.

Ushauri wangu kwa kina mama wenzangu ni huu. Mwanaume akisema anataka kurudia gemu la ujana wake, msimzuie. Mtajua mengi kuhusu wakwe zenu ambayo miaka ya ndoa haikuwafunulia. Ila diski zenye mgongo mweusi fungieni kabatini pamoja na diski ya harusi, mbegu za karanga wekeni juu, uniti nunueni mchana. Na kadi ya pili ya kumbukumbu inunuliwe siku ile ile mashine inapoingia ndani. Haifiki bei ya jogoo.